Nani Amewaua? Somo la Yakini, Dhana na Siri kutoka kwa Wasomaji wa Riwaya za Skrini

 



Katika jarida letu la mwaka huu nimeombwa niandike somo juu ya adabu za majadiliano. Ningeweza kuanza moja kwa moja na yale tunayosomeshana darasani kila siku. Lakini nimeona nianzie mahali ambapo wengi wenu hamkupatarajia, napo ni kwa vijana wa Japani na wa nchi nyingine wanaosoma hadithi kwenye kompyuta, kisha wakabishana miaka nenda miaka rudi juu ya nani aliyeua. Nimeanzia huko kwa sababu huko ndiko nilikofunzwa adabu mimi mwenyewe, na aliyenifunza ni mwanafunzi wangu.

UTANGULIZI: SIMU ILIYOACHWA MKEKANI

Ilikuwa Jumamosi, baada ya Alasiri, miaka michache iliyopita. Mwanafunzi wetu mmoja, kijana wa miaka 15, alikwenda kutawadha na simu yake akaiacha juu ya mkeka. Simu ikawaka. Nikatupa jicho, nikasoma maneno haya: "Hakuna mchawi pale. Wote wameuawa na mtu wa mle mle nyumbani, na mimi nakaribia kumjua."

Moyo ulinienda mbio. Simu haikuwa imefungwa, basi niliishika nikaanza kuusoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Nikakuta habari za maiti, dhahabu, kisiwa na mwanamke mchawi. Kijana aliporudi sikumuuliza neno. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba amejiingiza katika mambo ya uchawi na mauaji, na kwamba simu yake ataifuata baba yake. Hakujibu. Alikusanya vitabu vyake, akaondoka, na kwa wiki mbili hatukumwona madrasa.

Wiki ya tatu nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akaniletea daftari la kurasa 96. Akasema, "Ustadh, haya ndiyo aliyokuwa akiandikiana na mtoto wa ami yake aliyeko Maskati. Ni hadithi wanayoisoma kwenye kompyuta ya kaka yake. Mimi siielewi, labda wewe utaielewa."

Nililifungua. Kila ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa mstari. Upande mmoja ameandika "Yaliyothibiti", na upande wa pili "Ninayodhani". Chini ya kila dhana ameandika ni jambo gani likijulikana litaivunja. Dhana nyingine amezikata kwa kalamu na pembeni akaandika: "Hapa nilikosea."

Ndugu zangu, muhula ule ule nilikuwa nikiwasomesha tafsiri ya Surat Al-Hujurat. Aya ya 6 inatutaka tuihakikishe habari kabla ya kuitendea kazi, na aya ya 12 inatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Mimi nilihakikisha nini? Nilidhani, nikapeleleza, kisha nikamfedhehesha mtu. Kijana alikuwa na daftari la ushahidi, na mwalimu wake hakuwa nalo.

Tangu siku hiyo nikajitahidi kuzijua riwaya hizi na watu wanaozipenda. Haya ndiyo niliyoyapata.

RIWAYA YA SKRINI NI NINI?

Riwaya ya skrini ni hadithi inayosomwa kwenye kompyuta, simu au mashine ya michezo. Msomaji huona picha ya mahali, kwa mfano darasa, bandari au sebule, na mbele yake picha za wahusika. Chini huandikwa maneno wanayosema au mawazo ya msimulizi, na nyuma husikika muziki na sauti kama za mvua na milango. Msomaji hubonyeza, sentensi inayofuata ikaja. Nyingine ni fupi za saa moja au mbili, na nyingine ni ndefu kuliko riwaya nyingi zilizochapishwa, hata msomaji akamaliza wiki au miezi.

Katika nyingi ya hadithi hizi msomaji hufikishwa kwenye njia panda. Huulizwa: utamfuata nani? Utasema kweli au utanyamaza? Kila jibu humpeleka kwenye njia yake, na hadithi moja huweza kuwa na miisho mingi. Kwa hiyo wasomaji wawili wanaweza kuisoma hadithi moja, kila mmoja akatoka na kisa chake, na hapo ndipo hamu ya kuzungumza inapoanza.

ASILI YAKE KWA UFUPI

Mwaka 1983 mtunzi wa Kijapani, Yuji Horii, alitoa kupitia kampuni ya Enix mchezo wa upelelezi wa mauaji unaoitwa The Portopia Serial Murder Case. Mchezaji alikuwa akiuliza maswali, akikagua mahali na kutafuta mkosaji. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ikatoa Otogirisou, hadithi ya kutisha iliyosomwa kwenye runinga kwa maandishi na sauti, na wao wakaiita riwaya ya sauti. Mwaka 1996 kampuni ya Leaf ikaanza kutoa mfululizo wa hadithi uliolieneza jina ambalo aina hii inajulikana nalo ulimwenguni hadi leo. Mwaka 2001 Capcom ikatoa Ace Attorney, ambamo msomaji ni wakili anayepambanisha maneno ya shahidi na vielelezo mpaka uongo ujulikane.

Jambo lililoifanya sanaa hii ikue haraka ni kwamba haikuhitaji mali nyingi. Mjini Tokyo kuna maonyesho yaitwayo Comiket, yaliyoanza mwaka 1975, ambayo kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba. Huko watu wa kawaida huuza vitabu, michoro na michezo waliyoitengeneza wenyewe. Tena mwaka 2004 Mmarekani Tom Rothamel alitoa Ren'Py, programu ya bure ya kutengenezea riwaya hizi, na kwa hiyo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na subira akaweza kutunga yake.

HADITHI ZILIZOACHWA MIKONONI MWA WASOMAJI

Sasa tufike kwenye kisa cha daftari. Katika maonyesho ya Comiket ya Agosti 2002, mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali, anayetumia jina la uandishi la Ryukishi07, aliuza sehemu ya kwanza ya hadithi yake iitwayo Higurashi no Naku Koro ni, yaani "wakati nyenje wa jioni wanapolia". Michoro aliichora mwenyewe, na haikuwa mizuri sana; mandhari yalikuwa picha za kamera zilizobadilishwa. Hadithi ilikuwa na sehemu 8, na ya mwisho ilitoka Agosti 2006.

Ajabu ya hadithi hii ni kwamba haikuwa na njia panda hata moja. Msomaji hachagui chochote. Anasoma tu, watu wanakufa kijijini, sehemu inakwisha, na haelezwi nani aliyefanya wala kwa nini. Kisha anasubiri miezi, wakati mwingine mwaka, mpaka sehemu nyingine itoke. Basi kazi ya msomaji ilikuwa kufikiri na kujadiliana na wenzake katika muda huo wa kusubiri. Ulingo haukuwa ndani ya kompyuta peke yake. Ulikuwa pia katika mazungumzo yao.

Agosti 2007 mtunzi huyo akaanza hadithi ya pili, Umineko no Naku Koro ni, yaani "wakati shakwe wanapolia". Hii nayo ina sehemu 8, zikatoka kila Agosti na kila Desemba mpaka Desemba 2010. Hii ndiyo aliyokuwa akiisoma kijana wetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Oktoba 1986, ukoo wa kitajiri unakutana kwenye kisiwa chao. Mzee wa ukoo yu karibu kufa, na watoto wake wanne, kila mmoja na shida zake za fedha, wamekuja kuvutana juu ya mirathi. Inasemwa kwamba mzee alipewa tani 10 za dhahabu na mchawi aitwaye Beatrice. Kimbunga kinawafungia kisiwani watu 18, na usiku huo watu wanaanza kufa, wengine ndani ya vyumba vilivyofungwa. Kijana mmoja wa ukoo, Battler, anakataa kabisa kwamba ni uchawi. Mchawi anajitokeza mbele yake na kumwambia: kama si mimi, basi eleza kila kifo kwa akili ya binadamu.

Wanafunzi wa faraidh, hebu tulieni hapo kidogo. Kabla ya mchawi na kabla ya maiti, kilichotangulia kuuvunja ukoo ule ni mirathi iliyozungumzwa kwa hila na kwa siri. Hilo halihitaji kimbunga wala kisiwa cha Japani.

NYEKUNDU NA BULUU: YAKINI NA DHANA

Katika sehemu ya pili mtunzi aliweka kanuni ya ajabu. Neno linaloandikwa kwa rangi nyekundu ni kweli tupu, wala halihitaji ushahidi. Katika sehemu ya nne akaongeza nyingine: dhana ya kumpinga mchawi huandikwa kwa buluu, na mchawi analazimika kuijibu kwa nyekundu; asipoweza, dhana hiyo husimama. Baadaye zikaingizwa hata kanuni 10 za hadithi za upelelezi alizoziandika Mwingereza Ronald Knox katika miaka ya 1920, mojawapo ikikataza fumbo kufumbuliwa kwa nguvu za kichawi.

Wasomaji walizipokea kanuni hizi wakazifanya mizani ya mazungumzo yao wenyewe. Mtu akisema, "Najua muuaji ni fulani," wenzake humuuliza: hilo umelitoa kwenye nyekundu ipi? Kama hana, basi asemayo ni buluu, yaani dhana tu, na dhana ikubali kupigwa. Nyinyi mliosoma fiqhi mtaona kwamba jambo hili si geni kwetu. Tumesoma kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba mbele ya kadhi mwenye kudai ndiye anayeleta ushahidi.

Lakini wasomaji hao waligundua jambo jingine lililo la hatari zaidi, nalo ni kwamba hata neno la kweli linaweza kumpoteza msikilizaji. Nichukue mfano wangu mwenyewe. Nikikwambia, "Mlango wa madrasa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo," nimesema kweli. Wewe moyoni ukaongeza: basi hakuna aliyeingia. Hilo mimi sikulisema. Sikukwambia ulifungwa saa ngapi, wala funguo ziko ngapi, wala kama aliyefunga alikuwa ndani au nje. Kwa hiyo msomaji mzuri wa Umineko hujizoeza kuuliza maswali mawili: neno hili limesema nini? Na halikusema nini?

Nami nirudi kwenye simu ile. Ujumbe ulisema, "Hakuna mchawi pale." Hayo ndiyo maneno yaliyokuwapo. Niliyoyaongeza ni kwamba kijana anashughulika na uchawi, ilhali maneno yenyewe yalikuwa yanaukanusha! Nilisoma kilichokuwa kichwani mwangu, si kilichokuwa kwenye skrini.

Tanabahi tena: katika hadithi nyekundu inaaminika kwa sababu mtunzi na wasomaji wamekubaliana hivyo. Katika maisha yetu hakuna binadamu wa kawaida anayezungumza kwa wino mwekundu, awe mwalimu, mzazi au mtu mwenye wafuasi wengi mtandaoni. Habari za watu huthibiti kwa ushahidi. Anayezungumza kwa ukali hajathibitisha kitu. Amepaza sauti tu.

ADABU ZA WASOMAJI HAO

Jambo la kwanza ni kuuliza mwenzako amefika wapi. Wapenzi wa riwaya hizi, kabla ya kuzungumza, huulizana: "Umefika sehemu ya ngapi?" Anayejua mwisho humtunzia siri asiyefika. Katika majadiliano ya maandishi wao huyafunika maneno yanayofichua jambo, na hayaonekani mpaka msomaji ayafunue kwa hiari yake. Katika VNDB, hazina ya kumbukumbu za riwaya hizi iliyoanza mwaka 2007 na inayojazwa na wasomaji wenyewe, mtu anaweza kuchagua afichuliwe kiasi gani. Kumharibia mtu uhondo kwao ni utovu mkubwa wa adabu. Ikiwa siri ya hadithi ya kubuni inatunzwa hivyo, je, siri ya jirani yako?

La pili ni kusoma kabla ya kusema. Anayekuja na hukumu hali amesoma kurasa chache huambiwa kwa upole arudi akasome. Hadithi ya sehemu 8 haihukumiwi kwa sehemu moja, na mtu vile vile.

La tatu ni kukubali kuvunjwa. Kila sehemu mpya ilipotoka, dhana zilizopendwa kwa miezi 6 zilianguka kwa sentensi moja nyekundu. Wenye busara walizifuta wakaanza upya. Wengine walizing'ang'ania mpaka wakawa wanaipinda hadithi ifuate dhana yao. Daftari la kijana wetu lilikuwa la kundi la kwanza.

La nne ni kutoa jasho kwa ajili ya wengine. Umineko iliandikwa kwa Kijapani. Kundi la wapenzi waliojitolea, lijulikanalo kama Witch Hunt, waliifasiri kwa Kiingereza. Kazi yao haikupotea, kwani kampuni ya MangaGamer ilipoitoa hadithi hiyo rasmi kwa Kiingereza, sehemu nne za mwanzo mwaka 2016 na nne za mwisho mwaka 2017, iliutumia mkono wa kundi hilo. Nasi tukumbuke kwamba hadithi ina mwenyewe. Kuchukua kazi ya mtu bila idhini na bila kulipa, eti kwa kuwa inapatikana bure mahali fulani, ni kula haki ya mtu.

PALE MJADALA UNAPOGEUKA KUWA UDHALIMU

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Sitataja jibu la fumbo, msiwe na wasiwasi, lakini kuna jambo moja lazima nilieleze.

Katika ukoo ule alikuwamo mtoto wa miaka 6, Ange, ambaye hakwenda kisiwani kwa sababu alikuwa mgonjwa. Alipoteza baba, mama na kaka kwa siku mbili. Baadaye zikaokotwa baharini chupa zenye maandishi yanayosimulia mauaji. Maandishi yakasambaa, na nchi nzima ikajaa wapelelezi. Kila mtu akawa na dhana yake: muuaji ni shangazi, muuaji ni baba, walistahili kwa uroho wao. Watu wakafurahia fumbo. Ange alikua akiyasikia hayo, na alipofika miaka 18 alikuwa bado anatafuta mtu mmoja wa kumwambia kwamba wazazi wake walikuwa ni watu, wala si vipande vya bao.

Hapo mtunzi aliwageuzia kioo wasomaji wake. Kwa miaka mitatu alikuwa amewafundisha kutuhumu: mtuhumuni kila mtu, chunguzeni kila neno. Kisha akawaonyesha upande wa pili wa ufundi huo, kwamba anayetuhumiwa ana mtoto, na mtoto anasikia. Sehemu ya mwisho ilipotoka Desemba 2010 bila kulitaja jibu waziwazi, wasomaji wengi walikasirika, wakasema wamedanganywa. Wengine walilitoa jibu wenyewe kutokana na alama zilizokuwamo. Baadaye hadithi ilipochorwa kuwa kitabu cha katuni, mambo mengi yalielezwa wazi zaidi. Lakini swali alilowaachia halikufutika: mlikuwa mnatafuta ukweli, au mlikuwa mnajifurahisha kwa maiti za watu?

Nilipofika hapo katika kusoma nilifunga kompyuta. Nilikumbuka jambo ambalo mama wa kijana aliniambia siku ile mlangoni, wakati nimekwisha kuaga. Aliniambia kwamba mdogo wake wa kike, aliye darasa la pili, amerudi shuleni analia. Watoto wenzake walimwambia, "Kaka yako ni mchawi, ustadh mwenyewe kasema." Maneno yaliyotoka kinywani mwangu Jumamosi yalifika shuleni Jumatatu. Mimi sikumwita mchawi. Lakini nilisema nusu, na watu wakamalizia nusu iliyobaki.

TAHADHARI KWA WAZAZI NA WALEZI

Isifahamike kwamba nazisifu riwaya hizi zote. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima na zina picha na habari ambazo Muislamu, awe mkubwa au mdogo, hapaswi kuzitazama. Nyingine, kama Clannad ya mwaka 2004, zilitolewa tangu mwanzo kwa watu wa rika zote. Hivyo jina la aina peke yake halitoshi kukujulisha kilichomo. Angalia alama ya umri, soma maelezo, kisha kaa na mtoto wako akusomee kurasa chache.

Umineko yenyewe ina mauaji ya kutisha na mazungumzo marefu ya uchawi. Si hadithi ya watoto, na hata kijana mkubwa ahitaji mtu wa kumkumbusha kwamba sihri ni jambo zito katika dini yetu wala si pambo. Vile vile Doki Doki Literature Club, iliyotolewa bure mwaka 2017, huonekana kama kisa cha wanafunzi wanaotunga mashairi, kumbe ndani yake mna mambo ya kuumiza sana roho, na yenyewe huonya mwanzoni kwamba haiwafai watoto. Mwaka 2018 shule kadhaa za Uingereza ziliwaonya wazazi kuhusu hadithi hiyo. Ukiona mtoto amebadilika, halali, hali, au anajitenga, usianze na makelele. Anza na kumsikiliza, na umtafutie msaada wa daktari au mshauri mapema.

Na tusisahau wakati. Hadithi inayokula wiki nyingi itakula pia muraja'a, masomo ya shule na usingizi wa kabla ya Alfajiri, iwapo haikuwekewa mpaka.

HITIMISHO

Jumamosi iliyofuata niliwakusanya wanafunzi wote wa darasa lile. Nilimfedhehesha mbele yao, basi haikufaa nimwombe radhi pembeni. Nilieleza nilichosoma, nilichoongeza mwenyewe, na nilichokosea. Nikawaomba kila mmoja aliyelipeleka neno langu nyumbani alirudishe neno hili pia nyumbani. Kisha nikaenda shuleni kwa yule mtoto wa darasa la pili, kwa ruhusa ya mwalimu wake, nikasema maneno machache kwa lugha ya watoto.

Kijana alinisamehe. Tulipobaki wawili nilimuuliza, "Haya, niambie basi, nani amewaua?"

Akacheka. "Ustadh, umefika sehemu ya ngapi?"

Nikamwambia ya tatu.

"Basi siwezi kukwambia," akasema. "Endelea kusoma."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazongoja mpaka nyoyo zihakikishe. Amin. Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya yakini na dhana. Toa mfano mmoja wa habari uliyoisikia wiki hii, na uiweke katika fungu lake.

2. "Taa ya chumba ilikuwa imezimwa." Taja mambo matatu ambayo sentensi hii haikuyasema.

3. Gawa ukurasa wa daftari lako kwa mstari. Kwa wiki moja andika upande mmoja "Yaliyothibiti" na upande wa pili "Ninayodhani" kuhusu ugomvi wowote uliotokea kati yako na mwenzako. Mwisho wa wiki, kata yaliyovunjika.

4. Kwa nini mwalimu hakutosheka kuomba radhi faraghani? Jadilianeni darasani, na kila mmoja aanze kwa kulirudia vizuri neno la mwenzake kabla ya kulipinga.

5. Kwa wenye kompyuta: tungeni kwa Kiswahili hadithi fupi yenye njia panda mbili juu ya mtoto aliyesikia uvumi. Wasio na kompyuta waiandike kwenye vipande vya karatasi, kila uamuzi ukimpeleka msomaji kwenye kipande kingine. Hadithi nzuri tatu zitasomwa siku ya mahafali, inshaAllah.